Mafumbo ya hesabu kwenye mtihani wa kuingia uuguzi, jinsi ya kuyafanyia mazoezi

Wengi wanaojiandaa na mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi hesabu wanazijua, kinachowaangusha ni mafumbo. Mpe mtu 375 gawanya kwa 250 atafanya fasta tu, ila iweke hiyo hiyo ndani ya sentensi tatu zenye mgonjwa na chupa ya dawa, anaganda. Kwahiyo kama umekesha wiki nzima na kuzidisha na kugawanya na bado maksi hazipandi, huenda unakazania kitu ambacho tayari unakiweza. Kazania kusoma swali.

Fanya hivi. Soma fumbo zima mara ya kwanza ukiwa umeweka peni chini, alafu rudi kwenye sentensi ya mwisho manake mara nyingi swali lenyewe linakaa hapo, na kabla hujapiga hesabu yoyote andika jibu litakavyokuwa limekaa, yaani "mililita ...... kwa dozi moja", nafasi ya namba unaiacha wazi. Utaona kama unajichelewesha, lakini hiyo nafasi wazi ndo itakuambia namba zipi unazihitaji na zipi zimewekwa pale kukuchanganya tu.

Tuchukue hili: mgonjwa apewe miligramu 375 za dawa, na dawa yenyewe ni ya maji, kila mililita 5 zina miligramu 250, apewe mililita ngapi? Usikimbilie fomula. Kadiria kwanza. Mililita 5 ni 250, mililita 10 ni 500, na 375 iko katikati kabisa ya 250 na 500, kwahiyo jibu lazima liwe kati ya 5 na 10. Sasa ndo upige: 375 gawanya kwa 250 unapata 1.5, zidisha kwa 5 unapata mililita 7.5. Aliyegeuza akagawanya 250 kwa 375, alafu akazidisha kwa 5, anapata 3.3 hivi, na kama alikadiria ataona hapohapo kuwa haiwezekani, dozi kubwa kuliko 250 haiwezi kuja na maji pungufu ya mililita 5. Mimi naona kukadiria kunaokoa maksi nyingi kuliko kukariri fomula, na ukishaingia wodini ndo kutakusaidia zaidi.

Mitego mingine iko kwenye maneno madogo. Mtoto ana pauni 44, dawa anapewa miligramu 15 kwa kila kilo kwa siku, igawanywe dozi 3 zilizo sawa, kila dozi ni miligramu ngapi? Kilo 1 ni kama pauni 2.2, kwahiyo mtoto ana kilo 20, mara 15 ni 300. Hapa wengi wanaona 300 kwenye machaguo (watunga mitihani wanajua utafika hapo, wanakuwekea kabisa) wanaweka tiki wanaendelea. Lakini 300 ni ya siku nzima, swali limeuliza kila dozi, yaani 100. Kama uliandika mapema "miligramu ...... kwa dozi", 300 isingekaa pale.

Neno "zaidi" nalo lina shida yake. Kuna watu wamefundishwa wakiona "zaidi" wajumlishe, wakiona "pungufu" watoe. Acha kabisa hiyo tabia. Wodi A ina vitanda 12, ambavyo ni 4 zaidi ya vya wodi B, wodi B ina vingapi? Ni 8, umeona "zaidi" na umetoa. Jiulize nani ana vingi, basi. Sehemu nazo ni hivyohivyo, ukiambiwa robo ya chupa imetumika zimebaki mililita 90, usizidishe 90 kwa 4, manake hizo 90 ni robo tatu, kwahiyo robo moja ni 30 na chupa nzima ni 120. Chora kamstari, kagawe vipande vinne, futa kimoja, utaliona jibu kwa macho. Na asilimia, uzito ukishuka kutoka kilo 80 hadi 72 unagawanya kilo 8 zilizopungua kwa 80, ile ya mwanzo, unapata asilimia 10. Ukigawanya kwa 72 umekosa.

Sasa mazoezi yenyewe. Maswali 10 kwa siku ukiyasahihisha vizuri yanatosha, na hayo yana faida kuliko 50 ya kukimbiza. Uwe na daftari la makosa, ila usiandike tu "nimekosa", andika umekosea wapi: kusoma swali, kupanga hesabu, kubadilisha vipimo au kupiga hesabu yenyewe. Baada ya wiki mbili hivi lihesabu hilo daftari. Ukikuta makosa mengi ni ya kubadilisha vipimo, basi shika gramu 1 ni miligramu 1000, lita 1 ni mililita 1000, saa 1 ni dakika 60, na ujiulizeulize hizo hata ukiwa unaosha vyombo. Ukikuta ni ya kusoma, chukua maswali yaleyale, zifunike namba kwa kidole, alafu ujieleze kwa sauti ungefanya nini kama ungezijua. Ukishindwa kueleza bila namba, hilo swali hujalielewa.

Swali ulilokosa usilirudie siku hiyohiyo, utakuwa unalikumbuka tu. Lirudie baada ya siku tatu, alafu badilisha namba ulitunge upya wewe mwenyewe. Kutunga kunakufundisha sana kwasababu lazima ujue mtego unauweka wapi.

Muda uache mwishoni. Wiki za mwanzo fanya taratibu bila saa, ukishapata 8 kati ya 10 mfululizo ndo uanze kujipima. Angalia mtihani wako una maswali mangapi kwa dakika ngapi, mfano TEAS inayotumiwa na vyuo vya uuguzi Marekani ina maswali 38 ya hesabu kwa dakika 57, yaani dakika moja na nusu kwa swali. Angalia pia kama kalkuleta inaruhusiwa, maana kama hairuhusiwi ifungie kabatini kuanzia leo. Na ukikutana na fumbo umelisoma mara mbili na ile nafasi wazi bado hujui kipimo gani kinaingia, liwekee alama uruke, utalirudia ukimaliza yale unayoyaweza.