SOMO: Brosha inasema lita 8, pampu inasema 10. Jinsi ya kupima ulaji wa mafuta wa pikapu yako

Wakuu, malalamiko ni yale yale. Mtu kanunua Hilux au Ranger, brosha inamwambia lita 8 kwa kilomita 100, yeye kila akijaza anapata 10 na ushee. Anaanza kubadilisha nozeli. Anaambiwa pampu ya injini imechoka. Hela inakwenda, ulaji unabaki pale pale, kwa sababu gari halikuwa bovu tangu mwanzo. Kabla hujamwachia fundi funguo, fuata hatua hizi ujue kama una gari gonjwa au una gari zima linalopimwa kwa mtihani usiofanana na barabara yako.

Hatua ya 1: Jua namba imetoka kwenye mtihani gani

Hapa ndipo watu wengi wanaruka, na ndipo penye jibu.

Namba ya kiwandani haipimwi barabarani. Gari linapandishwa juu ya rola ndani ya maabara, dereva anafuata mchoro wa mwendo kwenye skrini sekunde kwa sekunde, na mafuta yaliyotumika yanakokotolewa kutokana na kaboni iliyomo kwenye moshi. Rola haijui mlima wala upepo. Uzito wa gari na ukinzani wa hewa vinaingizwa kwenye mashine kama namba, na namba hizo mara nyingi anayezileta ni mtengenezaji mwenyewe. Mwaka 2016 Mitsubishi walikiri Japani kwamba namba za ukinzani za magari yao madogo zilichezewa ili ulaji uonekane mdogo. Miaka minne kabla yake, Hyundai na Kia walilazimika kurekebisha namba zao kule Marekani kwa tatizo la aina hiyo hiyo. Lakini hata bila udanganyifu wowote, mtihani wenyewe unaweza kuwa mpole mno.

Mpole kuliko yote ni ule wa zamani wa Ulaya, NEDC. Unachukua sekunde 1,180, umbali wa kilomita 11 hivi, na wastani wa mwendo kama kilomita 34 kwa saa. Gari linagusa 120 kwa sekunde chache tu, basi. Eisi imezimwa na bodi ni tupu. Taasisi ya utafiti ya ICCT ilifuatilia magari madogo ya Ulaya ikakuta kwamba mwaka 2001 pengo kati ya karatasi na barabara lilikuwa asilimia 9 hivi, na kufikia 2015 lilikuwa limefika asilimia 42. Magari hayakuharibika katika miaka hiyo. Viwanda vilizidi kujua namna ya kufaulu mtihani.

Sisi inatuhusu kwa sababu brosha nyingi tunazozisoma mtandaoni ni za Australia na Afrika Kusini, wenzetu wa usukani wa kulia, na huko kwa miaka mingi kipimo kimefuata mfumo huo wa NEDC. Ukiona Ranger ya V6 dizeli imeandikwa lita 8.4 huko Australia, hiyo ni namba ya maabara ya namna hiyo. Binafsi nikiona namba ya NEDC ya pikapu ya dizeli naongeza robo yake kabla sijaanza hata kufikiri.

Ulaya yenyewe ilihamia WLTP kuanzia Septemba 2017, na magari ya mizigo yakafuata mwaka mmoja baadaye. Huu ni mtihani mgumu zaidi: sekunde 1,800, kilomita 23, wastani wa 46.5 kwa saa, na unafika 131. Kwa magari ya mizigo wanahesabu pia asilimia 28 ya uwezo wa kubeba, ambayo kwa pikapu ya tani moja ni kama kilo 280. Ni jambo la maana. Ila eisi bado imezimwa.

Wamarekani, kupitia EPA, shirika lao la serikali la mazingira, wana mitihani mitano tangu magari ya mwaka wa modeli 2008. Mmoja unakwenda hadi maili 80 kwa saa, mmoja unafanyika kwenye joto la nyuzi 35 huku eisi ikiwaka, mwingine kwenye baridi. Ndiyo maana namba yao ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya kawaida. Shida ni kwamba wao hawauziwi Hilux, wana pikapu ya Toyota Tacoma, na nyingi ni za petroli.

Kwa gari la mtumba kutoka Japani, angalia mwaka. Za zamani zinatumia mtihani wa 10-15 Mode, JC08 ilianza 2011, kisha WLTC kuanzia 2018. Namba ya huo wa kwanza ni ndoto.

Hatua ya 2: Geuza vipimo viwe lugha moja

Lita kwa kilomita 100 kwenda kilomita kwa lita: gawanya 100 kwa namba hiyo. Lita 8 kwa mia ni kilomita 12.5 kwa lita. Lita 10 ni kilomita 10.

Mpg (maili kwa galoni) ndiyo mtego. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni 4.546. Kwa hiyo mpg 30 ya Marekani ni kilomita 12.75 kwa lita, lakini mpg 30 ya Uingereza ni 10.6 tu. Watu wanabishana usiku kucha kumbe mmoja kasoma jarida la London na mwingine la Detroit. Kupata lita kwa kilomita 100, gawanya 235 kwa mpg ya Marekani, au 282 kwa ya Uingereza.

Hatua ya 3: Pima tangi kwa tangi

Jaza mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza. Usimruhusu mhudumu akuongezee "ili ifike namba nzima". Andika odomita. Endesha kama unavyoendesha siku zote, kisha rudi sheli ile ile, pampu ile ile ikiwezekana, gari likiwa limekaa upande ule ule, ujaze tena mpaka ikate mara ya kwanza.

Tuseme odomita ilikuwa 84,210 na sasa ni 84,862, na zimeingia lita 68.4. Umekwenda kilomita 652. Gawanya kwa 68.4, unapata 9.5 kwa lita, sawa na lita 10.5 kwa kilomita 100.

Usipime kwa lita 20. Dizeli ina povu, na pampu inaweza kukata mapema au kuchelewa kwa lita moja nzima. Kwenye lita 20 hilo ni kosa la asilimia 5, kwenye lita 70 halifiki asilimia 2. Mwenye kupima kwa mafuta ya kidumu mpaka gari lizime njiani asitulete majibu humu.

Rudia kwa matangi matatu mfululizo ndipo uiite namba yako. Risiti zitunze, na kando ya kila moja andika: mjini au safari, na mzigo au tupu.

Hatua ya 4: Sahihisha odomita kama umebadilisha tairi

Hili wengi hawalijui. Ukitoka tairi ya 265/65R17 ukaweka 265/70R17, kipenyo kinatoka milimita 776 hadi 803, yaani asilimia 3.4 zaidi. Odomita inahesabu mizunguko, haijui kama tairi imekua. Ikikuonyesha kilomita 652, umekwenda kama 674. Sehemu ya mafuta unayodhani yamepotea imo kwenye kilomita ambazo hazikuhesabiwa. Linganisha na GPS ya simu kwenye safari ndefu iliyonyooka, pata tofauti, zidisha.

Lakini tairi kubwa yenye meno nayo inakula kweli, ni nzito na inavuta. Baada ya kusahihisha, kitakachobaki ndicho gharama yake halisi.

Hatua ya 5: Sasa linganisha

Chukua namba ya karatasi, chukua yako. Kama karatasi ni ya NEDC na umezidi kwa asilimia 20 hadi 30, gari lako ni zima. Kama ni ya WLTP au EPA na umezidi kwa 30 huku bodi ikiwa tupu na mwendo wa kawaida, hapo tafuta sababu.

Sababu ya kwanza kwa pikapu ni mwendo. Ukinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa kasi: kutoka 80 hadi 120 unakuwa mara 2.25. Pikapu ni ndefu kwenda juu na mgongo wake umekatika, kwa hiyo inaumia kuliko saluni. Ukiongeza keria juu ya kebini yenye tairi la akiba, usishangae. Nyingine zinajulikana: foleni, eisi, matuta ya kila kijiji (kila tuta unatupa mwendo kisha unaununua upya), upepo mdogo kwenye tairi, mzigo.

MASWALI YA WADAU

Swali (Arusha): Mkuu, dashibodi yangu inaonyesha 11.8 kwa lita, kwa njia yako napata 10.9. Nimwamini nani?

Amini pampu. Dashibodi haipimi mafuta, inakadiria kutokana na muda ambao nozeli zimekaa wazi, na makadirio hayo kwa kawaida yanaelemea upande wa kumfurahisha mwenye gari. Uzuri ni kwamba kosa lake hubaki lile lile. Ukishajua yako inazidisha asilimia 8, ipunguze kila mara na utaweza kuitumia safarini.

Swali (Makambako): Shikamoo mkuu. Napeleka viazi Dar. Kwenda na mzigo napata kilomita 8 kwa lita, kurudi tupu napata 12. Kwa hiyo wastani wangu ni 10?

Marahaba. Hapana, ni 9.6. Umbali ni sawa lakini mafuta si sawa. Kila kilomita 100, kwenda zinatumika lita 12.5, kurudi 8.3, jumla lita 20.8 kwa kilomita 200. Gawanya. Ndiyo maana kwa biashara napendelea lita kwa kilomita 100, hizo unaweza kuzijumlisha bila kujidanganya. Na ukipanga nauli, panga kwa jumla ya lita za safari nzima, usitumie 10.

Swali (Texas): Kaka, mimi nina pikapu ya Ford F-250. Nimetafuta namba yake ya EPA sijaiona popote, wakati F-150 ipo.

Haipo. Pikapu ambayo uzito wake unaoruhusiwa pamoja na mzigo unazidi pauni 8,500, yaani kilo 3,855 hivi, hailazimiki kubandikwa lebo ya ulaji. F-250, Silverado 2500 na Ram 2500 zote ziko huko. Muuzaji akikutajia namba, muulize kaipata wapi. Wewe anza na Hatua ya 3 moja kwa moja, huna karatasi ya kubishana nayo.

Swali (Kahama): Nikishusha mlango wa bodi upepo si unapita vizuri?

Ufunge. Ukiwa umefungwa, hewa inajizungusha ndani ya bodi na kutengeneza mto, upepo wa juu ya kebini unapita juu yake. Ukiushusha unauvunja mto huo. Turubai lililokazwa vizuri linasaidia kidogo, lililolegea linalopiga makofi linaharibu.

Swali (Mombasa): Mimi namba yangu ilikuwa kilomita 10.5 kwa lita mwaka mzima, matangi mawili ya mwisho imeshuka hadi 8.9. Njia ile ile, mzigo ule ule. Ni mafuta yaliyochakachuliwa?

Inawezekana, badilisha sheli kwa tangi moja uone. Lakini kushuka asilimia 15 kwa gari lenye historia ni dalili, na hapa karatasi ya kiwanda haihusiki tena, unalinganisha gari na lenyewe. Anza na vya bure. Pima upepo wa tairi asubuhi zikiwa baridi. Fungua eya klina uitazame. Muulize fundi aliyeligusa mwisho kama aling'oa thamostati (vali inayodhibiti joto la injini), maana huku wengi wanaing'oa "ili isichemshe", kisha injini inakwenda baridi siku nzima na kompyuta inaiongezea mafuta. Kisha endesha kilomita 10 bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Kama moja inatoa joto kuliko wenzake, kalipa yake (kibano cha breki) imeng'ang'ania. Anzia hapo.