Renjifainda ya filamu bila betri: venye utaitumia hapa Nairobi

Kama umepata Zorki ama FED (kamera za zamani za Sovieti) kwa droo ya mtu, ama umejikaza ukanunua Leica (hongera, na usiwaambie watu wa nyumbani bei), basi soma. Naongea kuhusu renjifainda, kamera yenye unapanga fokasi kwa kukutanisha picha mbili kidirishani, na ya mekanika tupu, yaani kila kitu ndani ni springi na gia na kila kitu unapanga mwenyewe kwa vidole. Watu wengi huogopa hizi kamera ju nyingi hazina mita ya mwanga. Mimi nasema Nairobi ni mahali rahisi sana kupigia picha bila mita, ju jua letu la mchana halibadiliki sana mwaka mzima. Shida za hii kamera ziko kwingine, na mojawapo ni hilo hilo jua, tutafika hapo.

Kwanza hakikisha ni mekanika kweli. Yashica Electro 35 ni nzuri na ziko nyingi, lakini betri ikiisha shata (lile pazia linaloingiza mwanga) inabaki na spidi moja tu, 1/500 ya sekunde, basi. Canonet QL17 iko katikati, shata ni ya springi na itafanya kazi ukipanga mwenyewe, betri ni ya mita na otomatiki, sema tu ile betri ya zebaki ya volti 1.35 iliyotengenezewa haitengenezwi tena. Zenye hazina maneno ni Leica M3 iliyoanza 1954, M2, M4, Canon P, na za Sovieti: FED ya Kharkiv, Zorki ya Krasnogorsk karibu na Moscow, na Kiev ya kiwanda cha Arsenal. Mtu anayeanza ningemwambia achukue Zorki 4 ama FED 2. Leica ni tamu zaidi, sibishi, lakini lenzi ya Jupiter-8 ikiwa safi hutalalamika.

Kabla hujatoa pesa, fungua mgongo wa kamera, vuta (yaani sogeza kile cha kupeleka filamu mbele), piga kwa kila spidi. Ukiweka sekunde moja (FED 2 haina hizo spidi za pole) unafaa kusikia mlio mmoja unaoenda sawa mpaka mwisho, ukikwama katikati jua grisi imekauka na inataka sevisi. Halafu toa lenzi, ingia mahali penye giza, mulika shata na tochi ya simu kutoka mbele huku unaangalia kwa nyuma, ukiona vidoti vya mwanga hayo ni matundu na kila picha itakuwa na alama. Lenzi nayo imulike uangalie ukungu, unakaa kama nyuzi za buibui, na kama kamera imetoka Mombasa angalia mara mbili ju unyevu wa pwani unaupenda. Mwisho chungulia kidirishani. Katikati kuna kiraka chenye kinaonyesha picha ya pili, kazi yako ni kuzungusha lenzi mpaka zile picha mbili ziwe moja, hiyo ndio fokasi. Zungusha lenzi mpaka mwisho wa mbali kabisa (alama ya ∞), elekeza kwa kitu cha mbali sana, mfano jengo la KICC ukiwa Upper Hill ama ile mitambo ya upepo ya Ngong ukiwa Karen, picha mbili lazima zikutane. Kisha pima mita mbili kwa utepe uone kama namba ya lenzi inakubaliana na kiraka. Ikikataa si mwisho wa dunia, kuna skrubu ya kurekebisha, ila punguziwa bei.

Sheria ya Zorki na FED, na hii weka kichwani: vuta kwanza, ndio ubadilishe spidi. Ukizungusha kile kifundo cha spidi kabla ya kuvuta unaweza kuharibu vitu vya ndani, na fundi wa hizi kamera si mtu wa kupatikana kila kona.

Kuweka filamu, tafuta kivuli. Kwa Zorki 4 na FED 2 mgongo wote unatoka pamoja na chini, na ile spuli ya kupokea filamu inatoka pia, kwa hivyo usifanye hii kazi ukiwa umesimama stage ya matatu, ikianguka mtaroni imeenda. Leica za zamani na Zorki ya kwanza zinapakiwa kutoka chini na lazima ukate ulimi wa filamu uwe mrefu, kama sentimita 10. Ukishafunga, zungusha pole kile kifundo cha kurudisha filamu mpaka ukaze, halafu vuta huku ukikiangalia. Kikizunguka kinyume filamu inaenda. Kisipozunguka fungua upakie tena, usijidanganye eti itashika mbele.

Sasa mwanga. Chukua filamu ya ISO 400 (namba ya wepesi wa filamu kushika mwanga), kama HP5 ama Kentmere. Jua likiwa wazi kutoka saa tatu asubuhi mpaka kama saa kumi jioni, weka spidi 1/500 na tundu la lenzi f/16 (namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa). Mawingu mepesi yenye bado yanaacha kivuli hafifu, f/11. Kivuli kikipotea, f/8. Ile anga ya kijivu ya Julai yenye watu wanavaa jaketi siku nzima, f/5.6, na kivuli cha ukuta siku ya jua anza hapo hapo ama f/4. Ndani ya nyumba kando ya dirisha, 1/60 na f/2.8. Usiku town kwenye taa za maduka, 1/30 na f/2, na uegemee nguzo. Ukiwa na filamu ya Gold 200 ongeza tu stopu moja (yaani mwanga mara mbili) kwa kila kitu. Andika hizi namba kwa karatasi ubandike chini ya kamera, baada ya roli chache hutaziangalia tena.

Kuna mambo mawili ya huku kwetu yenye hiyo orodha haisemi. Saa sita mchana jua liko juu ya kichwa, macho yanaingia gizani na mtu akivaa kofia uso unapotea kabisa, kwa hivyo kama unataka uso fungua stopu moja ama mbili, na mtu mweusi akiwa kivulini mpe stopu moja zaidi, usiogope, filamu ya negative huvumilia mwanga ukizidi lakini ukipungua huna cha kurudisha. Ya pili ni jioni. Hapa hakuna machweo ya kuvutana, saa kumi na mbili na nusu jua linazama na nusu saa baadaye ni giza, so kuanzia saa kumi na mbili endelea kufungua lenzi kila dakika chache.

Uzuri wa f/16 ni kwamba fokasi karibu inajifanya. Na lenzi ya 50mm kwa f/16, ukiiweka mita 3 kila kitu kutoka kama mita 2 hadi 7 kinatoka sawa, na ukiiweka mita 5 unapata kutoka mita 2 na nusu mpaka mwisho wa macho. Kwa hivyo mchana wa jua kile kiraka wachana nacho, panga mita 3, tembea mtaa wa Tom Mboya, inua, piga, shusha. Kiraka ni cha kivuli na usiku, lenzi ikiwa wazi. Na kumbuka kidirisha hakipitii kwa lenzi. Mtu akiwa mita moja acha nafasi juu ya kichwa ama utamkata. Pia unaweza kupiga picha 36 kifuniko kikiwa mbele ya lenzi na kamera isiseme kitu.

Na bado hicho kifuniko utakihitaji. Hii kamera haina kioo ndani cha kukinga, na shata ya Leica, Zorki na FED ni kitambaa. Ukitembea na lenzi wazi ikiangalia jua, inakusanya miale kama kioo cha kuchomea karatasi na inatoboa kitambaa. Kwa hivyo kati ya picha na picha rudisha f/16, kamera iangalie chini ama kifuani, na usiiache juu ya meza ya kibanda ikiangalia mbinguni. Kiev na Canon P shata zao ni za chuma, hapo una amani kidogo.

Kuhusu watu, omba. "Habari mzee, naomba nikupige moja," wengi watakubali hata kwa kushangaa tu hiyo chuma, halafu watakuambia "haya, nionyeshe," na hakuna skrini, kwa hivyo chukua namba umtumie ikishaoshwa, na umtumie kweli. Walinzi wa majengo watakufukuza hata kamera ikiwa na umri wa babu yao, usibishane. Ikulu, kambi za jeshi na vituo vya polisi usielekeze lenzi kabisa. Kamba ipitishe ndani ya jaketi.

Roli ikiisha utasikia imekaza, usilazimishe. Bonyeza kile cha kuachilia filamu (kwa Zorki 4 unazungusha pete ya kitufe cha shata), rudisha pole pole mpaka uhisi imekuwa nyepesi, ndio ufungue. Usiiache kwa dashibodi ya gari, joto linaiharibu, na ukisafiri kwa ndege JKIA beba mkononi uombe waikague kwa mkono.

Kuosha, ulizia kabla hata hujanunua filamu. Nyeusi na nyeupe unaweza kuosha mwenyewe kwa tangi ndogo, dawa ikiwa nyuzi 20, chumba cha giza huhitaji, mfuko mweusi wa kupakilia unatosha. Ya rangi inataka nyuzi 38 bila kuyumba, hiyo mimi napeleka kwa watu. Swali la kuwauliza ni kama wanarudisha negative (ile filamu yenyewe iliyooshwa) ama wanakutumia tu skani. Wakisema wanazitupa, tafuta kwingine.