Usiruke ujana wa Roland

Wizard and Glass (1997), kitabu cha 4 cha The Dark Tower cha Stephen King, huwagawa wasomaji. Cha 3 kilitoka 1991 na kuwaacha wasafiri ndani ya treni yenye wazimu inayodai vitendawili. Miaka 6 ya kungoja, halafu zaidi ya nusu ya kitabu ni Roland, mhusika mkuu, akisimulia ujana wake! Hasira zao zinaeleweka, ila anayesoma leo hakungoja chochote.

Ukihisi kukwama, kigawe. Maliza sehemu ya kwanza, ya vitendawili, upumzike siku mbili tatu ndipo uingie Mejis, eneo la kisa cha ujana wa Roland. Mwanzo wa huko ni wa polepole: Roland na rafiki zake wawili wanahesabu nyavu na farasi, unaona kama porojo tu. Kumbe farasi wamezidi mno, na hapo ndipo njama inapoanza kunuka. Pumziko la pili mwandishi amekuwekea mwenyewe: kipande kifupi cha kurudi Kansas, Roland anakosimulia, kabla ya sehemu ya tatu.

Kurukia mwisho ndilo kosa. Lile tufe la waridi analotunza mchawi Rhea huibuka tena sehemu ya nne, na aliyeruka Mejis ataliona kama pambo.