Namna ya Kujifunza Kuzamia kwa Mtungi wa Hewa Ukiwa Safarini Mtwara

Msafiri anayefika Mtwara akiwa na siku nne au tano za nafasi anaweza kabisa kuondoka akiwa mzamiaji mwenye cheti, ilimradi apange safari yake kwa kufuata hali ya bahari kabla ya kutazama kalenda ya likizo. Upepo wa kusi huchafua maji kuanzia Aprili hadi karibu na mwisho wa Septemba, na mvua zinazoanza Desemba hushusha tope la Mto Ruvuma hadi baharini. Kwa sababu hiyo napendekeza Oktoba na Novemba bila kusita, na ndani ya miezi hiyo zichaguliwe siku za maji mafu, yaani mwezi wa angani unapokuwa karibu na robo ya kwanza au robo ya mwisho. Wakati wa bamvua maji hupwa na kujaa kwa tofauti kubwa mno, na mkondo unaopita kwenye milango ya Ghuba ya Mnazi humchosha hata mzoefu, sembuse mwanafunzi. Mwezi wa Oktoba una neema nyingine pia, kwani nyangumi huwa bado wanapita katika maji haya.

Kabla ya kulipa chochote, ulizia ni vituo gani vya kuzamia vinafanya kazi msimu huo, kisha zungumza na mwalimu mwenyewe ana kwa ana. Mwombe akuonyeshe kitambulisho chake cha ualimu kutoka chombo kinachotambulika kimataifa, kama vile PADI au SSI, na umuulize anafundisha wanafunzi wangapi kwa pamoja na kama boti hubeba mtungi wa oksijeni ya dharura. Atakupa fomu ya afya; ijaze kwa ukweli mtupu, kwa sababu mwenye pumu, maradhi ya moyo au tatizo la masikio anapaswa kupata kibali cha daktari kwanza. Mwalimu asiyejali fomu hiyo hafai kukabidhiwa uhai wa mtu.

Kozi ya mwanzo ina sehemu tatu: nadharia, mazoezi katika maji mafupi, na mizamio minne ya baharini isiyozidi mita 18. Utatakiwa pia kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Mazoezi ya mwanzo ni vyema yafanyike Mikindani, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, kwa kuwa ghuba yake imekingwa na mawimbi ya bahari kuu.

Somo lililo zito kuliko yote ni la pumzi, nalo huwa gumu zaidi kwa mtu aliyekulia pwani. Aliyezoea kupiga mbizi kumfuata pweza kwenye mwamba amefunzwa tangu utotoni kuvuta hewa na kuibana mpaka arudi juu, na kwake ni sahihi, kwa sababu hewa aliyoshuka nayo ndiyo anayopanda nayo. Anayepumua kutoka kwenye mtungi yuko katika hali tofauti kabisa. Katika kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji, na mtungi humpa hewa iliyogandamizwa kwa kiwango hicho hicho. Akiibana na kupanda, hewa hiyo hutanuka hadi kuwa mara mbili na inaweza kupasua mapafu. Hatari hiyo ipo hata katika maji ya mita chache tu. Kwa hiyo pumua polepole bila kukatisha, na ukitolewa kipumulio mdomoni wakati wa zoezi, endelea kutoa mapovu madogo madogo mpaka ukirudishe.

Masikio nayo yanadai subira. Bana pua kwa vidole viwili na upulize taratibu tangu unapoanza kushuka, kisha rudia kila baada ya mita moja hivi, kabla maumivu hayajaanza. Sikio likikataa, panda kidogo ujaribu tena. Likiendelea kukataa, acha mzamio wa siku hiyo. Mwenye mafua asishuke kabisa. Maji yakiingia kwenye miwani, inua uso kidogo, kandamiza ukingo wa juu wa miwani kwenye paji, na utoe pumzi kwa pua hadi maji yatoke kwa chini. Zoea pia ishara za mikono: dole gumba likielekezwa juu lina maana ya kupanda, kwa hiyo usilitumie kusema kwamba mambo ni mazuri. Kwa hilo, unganisha kidole gumba na cha shahada kuwa duara.

Ukishamudu kuelea bila kupanda wala kuzama, ndipo uende Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Lipa kiingilio na udai stakabadhi. Matumbawe ya huko yamestahimili mengi, ukiwemo uvuvi wa baruti, na yanastahili mgeni asiyeyakanyaga wala kuyashika. Muulize mwalimu atafanya nini akisikia mlipuko mkiwa chini. Jibu la kuridhisha ni kwamba atawapandisha wote taratibu na kusitisha kazi ya siku hiyo.

Katika kupanda, usizidi mita 9 kwa dakika, na utulie dakika tatu katika kina cha mita 5 ili nitrojeni, gesi ya hewa ya mtungi iliyoingia mwilini, ipate kutoka. Nitrojeni hiyo haiishi mara moja, na mgandamizo wa hewa ukipungua huko juu inaweza kufanya mapovu mwilini, hivyo subiri angalau saa 18 baada ya mzamio wa mwisho wa kozi kabla ya kupanda ndege ya kwenda Dar es Salaam. Wengi husahau kwamba tahadhari hii inamhusu pia anayesafiri kwa gari kwenda Newala, kwa kuwa barabara hiyo inapanda uwanda wa Makonde mamia ya mita juu ya usawa wa bahari. Basi la huko lipandwe kesho yake.