Namna ya Kupima Iwapo Timu Itoe Wachezaji Wake Ili Impate Senta

Kila inapokaribia siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji katika NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ambayo huwa mwezi wa Februari, mazungumzo ya kahawa barazani kwetu Mji wa Kale huacha soka kwa muda na kuingia katika habari za masenta, yaani wale warefu wanaocheza karibu na kikapu: timu fulani haina mtu wa chini ya kikapu, na mtu fulani anapatikana, basi kwa nini asichukuliwe? Swali hilo ni la haki, ila hujibiwa kwa haraka mno, kwa kutaja kimo cha mtu na idadi ya ribaundi zake, yaani mipira anayoidaka baada ya mtupo kukosa kikapu. Nitaeleza njia ninayoifuata mimi, na mfano wangu utakuwa mmoja ambao matokeo yake tumekwisha kuyaona: Rudy Gobert, Mfaransa wa sentimita 216, ambaye Julai 2022 alihama kutoka Utah Jazz kwenda Minnesota Timberwolves.

Anza na timu inayomtaka, si na yeye. Chukua karatasi uandike majina ya wachezaji wanne watakaobaki naye uwanjani dakika za mwisho, kisha ujiulize kila mmoja anapatia wapi pointi zake. Senta asiyejua kutupa kutoka mbali husimama karibu na kikapu, na anayemlinda husimama papo hapo, hivyo njia ya wenzake wanaopenda kupenya huzibika. Gobert ni mtu wa namna hiyo. Minnesota ilikuwa na Anthony Edwards, ambaye kupenya ndiyo kazi yake, lakini ilikuwa pia na Karl-Anthony Towns, mtu mrefu anayefunga pointi tatu, ambaye kila akisimama nje ya mstari wa pointi tatu humvuta mlinzi mmoja mrefu amfuate. Bila Towns, karatasi hiyo ingetoa jibu jingine.

Hatua ya pili ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni kumtazama senta kwa macho ya mpinzani wake. Nililielewa jambo hili nikiwa nimeketi katika ukumbi wa Makande, hapa Mombasa, nikitazama timu moja ikimtoa senta mrefu wa wenzao chini ya kikapu mara kwa mara, kwa sababu tu mtu aliyepaswa kumlinda alikuwa hodari wa kutupa kutoka pembeni. Akitoka, kikapu kinabaki wazi. Akibaki, mpira unarushwa. Gobert alikutana na shida hiyo hiyo mwaka 2021. Utah ilikuwa imemaliza msimu wa kawaida ikiwa na rekodi bora kuliko timu zote, lakini katika mchujo, yaani michezo ya mtoano inayofuata msimu wa kawaida, mchezo wa sita dhidi ya Clippers ya Los Angeles, wapinzani waliingiza kikosi cha watu wafupi, wakampeleka Terance Mann pembeni, naye akafunga pointi 39. Utah ilikuwa imeongoza kwa pointi 25, na ikatolewa usiku ule ule.

Wengi walihitimisha kwamba Gobert hafai katika mchujo. Mimi naona hitimisho hilo lilikosea mahali, kwa sababu ukiirudia mikanda ya mchezo ule utaona kwamba walinzi wa mbele wa Utah walikuwa wakipitwa kila mara, na senta akalazimika kuziba makosa ya watu wawili kwa wakati mmoja. Basi usihesabu tu mara ngapi kikapu kimefungwa mbele ya senta. Rudisha mkanda nyuma sekunde tano uone nani alipitwa kwanza. Timu yenye mlinzi wa nje kama Jaden McDaniels wa Minnesota humpunguzia senta mzigo huo, na msimu wa 2023/24 Minnesota ilikuwa ya kwanza katika ligi kwa ulinzi, naye Gobert akatunukiwa tuzo ya mlinzi bora kwa mara ya nne. Hata hivyo udhaifu haukwisha: katika fainali ya timu za kanda ya Magharibi ya 2024, mchezo wa pili, Luka Dončić, wakati ule wa Dallas Mavericks, alimvutia Gobert nje ya mstari sekunde za mwisho, akarudi hatua moja nyuma na kumfunga pointi tatu za ushindi. Swali lako liwe kama timu inaweza kuishi na kasoro hiyo, maana namna ya kuiondoa kabisa haipo.

Tatu, pima bei. Kila mwaka ligi huwa na drafti, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na haki hiyo ya kuchagua inaweza kupewa timu nyingine. Sheria za ligi haziruhusu timu kubaki bila haki ya raundi ya kwanza katika drafti mbili zijazo zinazofuatana; ndiyo maana Minnesota ilitoa haki za miaka ya 2023, 2025, 2027 na 2029, ikiruka mwaka mmoja mmoja, na kwa mwaka 2026 ikakubali Utah ichague iliyo bora kati ya haki zao mbili. Juu ya hizo iliwatoa wachezaji watano, akiwamo Walker Kessler, senta kinda aliyetoka kuchaguliwa katika drafti ya mwaka ule ule, ambaye msimu wake wa kwanza aliingia katika kikosi bora cha wachezaji wapya. Unapomnunua senta, mwangalie sana senta unayemtoa.

Umri na mshahara havihitaji maneno mengi: Gobert alikuwa na miaka 30, na mkataba wake ulikuwa wa dola milioni 205 kwa miaka mitano. Ila ujue kwamba mkataba wa ligi wa mwaka 2023 umezibana sana timu zinazovuka kile kiwango cha juu kabisa kati ya viwango vya mishahara vilivyowekwa na ligi, hata kuzizuia kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja.

Mwisho, usitoe hukumu kwa mwaka mmoja. Mchezo unaoanza Minneapolis saa moja usiku wakati wa baridi yao hutufikia saa kumi alfajiri, na wengi wetu huishia kusoma matokeo tu. Aliyesoma matokeo ya msimu wa kwanza aliona ushindi 42 na akasema wamepoteza. Aliyetazama aliona kwamba Towns aliumia na kucheza michezo 29 pekee, yaani ile karatasi ya watu watano haikujaribiwa. Msimu uliofuata ushindi ulikuwa 56.

Kwa vilabu vyetu vya hapa, ambako hakuna drafti wala haki za kubadilishana, hatua mbili za kwanza zinatosha, na ningependa kumwona kocha wa Mombasa akizifanya kabla ya kumwita kijana kutoka bara kwa sababu ya urefu wake.

Nami, kama ningeulizwa Julai ile, ningekubali kumchukua Gobert, ningetoa hata haki tatu, lakini Kessler ningembakiza.