Kuchagua na kufunga spika za baharini kwenye mashua: mwongozo wa fundi wa Lamu

Spika za kwanza nilizofunga kwenye mashua zilikuwa za gari. Zililia vizuri kaskazi yote, na kusi ilipokolea nahodha akanijia gatini akaniambia, "Fundi, spika zako zimeanza kukohoa." Nilizifungua nikitarajia kukuta maji, lakini sanduku lilikuwa kavu. Koni ya karatasi ilikuwa imelegea kama mkate uliochovywa kwenye chai, bamba la nyuma ya sumaku limevimba kutu, na waya, hata nilipomenya ganda lake kwa urefu wa shibiri nzima, shaba yake ilikuwa nyeusi. Wimbi halikuwahi kuzifikia spika zile. Ziliharibiwa na hewa ya chumvi iliyokaa nyuma yake usiku na mchana, kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewani, na unyevu huo ukizidi takriban asilimia 75, chumvi yenyewe huyeyuka na kugeuka maji makali yanayotambaa kila penye chuma. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu upande wa nyuma wa spika, ambao abiria hauoni na muuzaji hauzungumzii.

Hatua ya kwanza: pima unachohitaji kabla ya kununua

Watu wengi huanza na wati. Anza na umbali wa masikio ya abiria. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6, na baharini hapana ukuta wa kuirudisha. Kwa upande mwingine, ukitaka kuongeza desibeli 3 tu, lazima uzidishe nguvu ya umeme mara mbili. Kwa hiyo spika nne ndogo zilizokaa karibu na watu hushinda spika mbili kubwa zilizowekwa tezi (nyuma ya chombo) zikipiga kelele kuelekea omo (mbele), na betri hupumzika pia.

Chukua mfano wa mashua ya matembezi ya mita 8, kama zile zinazopita mkondo wa Manda jioni. Spika yenye wepesi wa desibeli 90, yaani inayotoa desibeli 90 kwa wati 1 ukiwa mita 1 mbele yake, ikipewa wati 16 itatoa takriban desibeli 102 kwa mita 1, na 96 kwa mita 2. Hiyo ni sauti inayomlazimu mtu kupaaza sauti ili azungumze na mwenzake, na redio ya kawaida ya boti huweza kuitoa bila amplifaya ya ziada. Binafsi, nahodha akiniomba amplifaya kubwa kwa mashua ya ukubwa huo, humshauri fedha hiyo aiweke kwenye waya.

Hatua ya pili: soma lebo kwa makini

Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kasha ni za kilele, ambazo spika huzivumilia kwa kufumba na kufumbua. Tafuta herufi RMS, ambazo huonyesha nguvu inayobebwa kwa muda mrefu. Redio iliyoandikwa wati 50 mara 4 kwa kawaida hutoa kama wati 15 hadi 20 za RMS kwa kila spika.

Kisha tafuta herufi IP na tarakimu mbili zinazofuata. Ya kwanza ni ya vumbi na ya pili ni ya maji: IP65 hustahimili maji yanayorushwa kwa bomba, IP66 hustahimili bomba lenye nguvu zaidi, na IP67 hustahimili kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Kwa mashua ya tanga inayolala upande wakati wa kusi, IP65 ni kiwango cha chini ninachokubali. Uliza pia kama kiwango hicho ni cha spika nzima au cha uso wake tu, kwani spika nyingi hutangazwa kwa uso ilhali mgongo uko wazi.

Tarakimu za IP hazisemi lolote kuhusu chumvi wala jua. Kuhusu chumvi, tafuta spika iliyopimwa kwa ukungu wa chumvi, kipimo kinachojulikana kama ASTM B117, na skrubu za chuma cha pua cha daraja la 316. Daraja la 304 hung'aa vilevile dukani lakini halina molibdeni, na kwenye upepo wetu huanza kutoa madoa ya rangi ya chai mapema sana. Kuhusu jua, koni iwe ya polipropilini na mzingo wake, ule ukingo unaoishikilia koni, uwe wa mpira. Karatasi na sifongo viachie magari.

Jambo la mwisho kwenye lebo ni omu. Spika nyingi za boti ni za omu 4. Ukiunga mbili sambamba kwenye tundu moja la redio unapata omu 2, na redio isiyoruhusu omu 2 itapata joto na kujizima katikati ya safari.

Hatua ya tatu: chagua mahali

Usitoboe ubao wa ubavu wa chombo, na usikate taruma, zile mbao za ndani zinazokaza chombo, kwa sababu yoyote ile. Mafundi wa kijiji cha Matondoni hujenga mashua ili kila taruma libebe sehemu yake ya mzigo, na tundu la inchi tano mahali pake si jambo la kuzibwa kwa gundi. Sehemu ninazozipenda ni mbao za mbele za viti vya ubavuni na uso wa feuli (sehemu ya nyuma ya kuwekea vitu), kwa kuwa hazibebi uzito wa chombo na nyuma yake pana nafasi ya hewa ambayo spika huihitaji ili itoe besi.

Kabla ya kutia alama, mwombe nahodha akuonyeshe jinsi anavyogeuza tanga. Angalia foromali (mti unaobeba tanga) inapopita, henza (kamba ya kupandishia tanga) inapoteremka, na hasa demani (kamba ya kuvutia tanga) inapoburuzwa tanga likishika upepo. Nilipata kufunga spika zenye wavu uliochomoza sentimita mbili tu, na katika safari ya pili demani iliunasa wavu mmoja ikaung'oa pamoja na skrubu zake nne. Tangu siku hiyo hupitisha kamba kwa mkono juu ya kila mahali nilipokusudia, na ikikwama hata kidogo, nahama.

Angalia vitu vingine viwili. Spika ina sumaku, na sumaku hupotosha dira. Mwache mtu aitazame dira huku wewe ukisogeza spika polepole, na sindano ikitikisika, rudi nyuma. Mita 1 ndio umbali wa chini ninaouanzia. La pili ni petroli: mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutuama chini kwenye ngama, kwa hiyo usiweke swichi, fyuzi wala kiungo chochote karibu na tangi au sehemu ya chini isiyopitisha hewa.

Hatua ya nne: kata tundu

Tumia karatasi ya kipimo iliyokuja na spika. Spika ya inchi 6.5 haihitaji tundu la inchi 6.5, kwani kipimo hicho ni cha uso. Tundu lenyewe huwa karibu milimita 130, na kila modeli ina lake. Pima pia kina cha mgongo, na uongeze angalau sentimita 2 ili hewa ipite.

Toboa kitundu cha mwongozo, kisha kata polepole kwa msumeno mwembamba. Mbambakofi ni mti mgumu na msumeno ukikimbizwa huunguza badala ya kukata. Boti la faiba nalo hubanduka rangi, hivyo bandika utepe wa karatasi juu ya mstari kabla ya kukata, na uvae barakoa. Ukimaliza, piga msasa ukingo wa tundu na uupake rezini au vanishi mara mbili, ukiacha ikauke kila mara. Hatua hii huchukua siku nzima na wengi huiruka, ilhali ubao ulioachwa wazi hapo hunywa maji na kuvimba hadi skrubu zikaachia.

Hatua ya tano: waya

Hapa usibane matumizi. Waya wa kawaida wa nyumbani ni shaba tupu, na chumvi ikishaonja ncha yake hupanda ndani ya ganda kama mafuta yapandavyo utambi. Nunua waya wa baharini ambao kila uzi wake wa shaba umepakwa bati. Ukimenya ncha yake utauona ni wa rangi ya fedha. Lamu si rahisi kuupata, nami huagiza Mombasa ukaja na basi hadi gati la Mokowe, ng'ambo ya bara. Milimita mraba 1.5 zinatosha kwa spika.

Waya wa umeme kutoka kwenye betri ni hesabu nyingine. Tuseme amplifaya yako inavuta ampia 20 na iko mita 4 kutoka kwenye betri, yaani mita 8 kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita mraba 2.5 utapoteza zaidi ya volti 1 njiani, na besi itakuwa inakatika kila ngoma inapogonga. Kwa waya wa milimita mraba 6 utapoteza chini ya nusu volti. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri, isizidi sentimita 18, kwa kuwa kazi yake ni kulinda waya, na sehemu yoyote iliyo kati ya betri na fyuzi haina ulinzi.

Pitisha nyaya juu, mbali na ngama, na uzifunge kila baada ya sentimita 40 hivi. Kila zinapopita kwenye taruma, zivishe kipande cha mpira, kwani mashua hupumua baharini na ubao hukwaruza waya pole pole kama tupa. Kabla ya kufika kwenye spika, acha waya uning'inie chini kidogo ndipo upande, ili maji yanayofuata waya yadondokee hapo badala ya kuingia kwenye kiungo.

Viungo usivisokote kwa vidole na kuvizungushia utepe mweusi. Bana kwa koleo ukitumia viungo vya shaba iliyopakwa bati, vuta kwa nguvu kuhakikisha, kisha funika kwa mpira unaonywea kwa joto, wa aina yenye gundi ndani. Gundi ikichungulia pande zote mbili, kiungo kimeziba. Kwenye ncha za spika, pakaa mafuta mazito ya jeli baada ya kuunga, si kabla.

Hatua ya sita: betri na swichi

Usitumie betri ya kuwashia injini. Weka betri ya pili, uifunge kwa mkanda ndani ya sanduku lenye tundu la hewa, maana betri ya maji hutoa gesi inayowaka wakati wa kuchajiwa. Betri ya risasi ya saa-ampia 100 usiishushe chini ya nusu. Redio inayovuta wastani wa ampia 4 kwa saa 5 itatumia saa-ampia 20, ambazo paneli ya jua ya wati 100 huzirudisha kwa siku moja yenye jua zuri.

Kitufe cha kunyamazisha kiwe mahali ambapo nahodha atakifikia bila kuachia msukani. Sauti husafiri mbali juu ya maji, na mashua inayopita mbele ya kijiji cha Shela wakati wa adhana haipaswi kungoja mtu atafute simu chini ya mito.

Hatua ya saba: jaribu kwanza, kisha ziba

Kabla ya kukaza skrubu, chukua betri ndogo ya volti 1.5 uguse nyaya za kila spika kwa sekunde moja, chanya kwa chanya. Koni zote zinapaswa kuruka nje. Moja ikirudi ndani, nyaya zake zimepishana, na ukiziacha hivyo besi ya spika hiyo itaila besi ya jirani yake. Mwenye chombo atalalamika kwamba spika ni duni ilhali kosa ni lako.

Kwa kuziba, tumia pete ya mpira iliyokuja na spika, na juu yake utepe laini wa butili. Silikoni yenye harufu ya siki usiitumie karibu na nyaya, kwani asidi yake hula shaba. Gundi nzito ya kuungia mbao nayo hushika mno, na spika hii lazima ifunguke siku moja. Kaza skrubu kwa bisibisi ya mkono, ukienda kwa msalaba, hadi utepe uanze kuchomoza sawasawa pande zote.

Kwa sitaha na mabaraza ya nyumba za pwani, mambo ni yaleyale isipokuwa nyaya huwa ndefu. Chagua spika za omu 8, zielekeze chini kidogo ili maji ya mvua yasituame, na usidanganyike kwamba paa la makuti huzuia chumvi.

Matunzo

Baada ya kila safari, futa uso wa spika kwa kitambaa kilicholowa maji baridi ya kisima au ya bomba, bila kurusha maji kwa shinikizo. Chombo kinapopandishwa pwani kupigwa moto na kupakwa deheni (mafuta ya kuzuia maji), fungua spika zote uzitoe kabisa, kwa sababu moshi na joto huharibu mpira wa mzingo. Ukiwa umezitoa, kata milimita tano za ncha ya waya mmoja na uitazame juani: ikiwa bado ni ya rangi ya fedha, bana kiungo kipya na uirudishe spika kwa utepe mpya wa butili, ikiwa imeanza kuwa nyeusi, endelea kukata kurudi nyuma hadi ukute palipo safi, hata kama itabidi ubadilishe waya wote.