Skuta ya umeme Malindi: breki kwanza, moto baadaye

Mwongozo huu ni wa kumfundisha mtoto au mzee kuendesha skuta ya kusimama, yenye betri chini ya ubao. Skuta nyingi za watu wazima huandikwa umri wa miaka 14 au 16 kwenda juu. Uheshimu hata kama mtoto ni mrefu. Aliye mdogo zaidi mpe ya kusukuma kwa mguu, maana usawa atakaoupata humo ndio atakaoutumia baadaye.

Hatua ya 1: Chombo

Chukua tairi za upepo za inchi 10. Tairi ngumu isiyojazwa upepo huteleza mchangani na humtia mzee ganzi mikononi. Kipimo cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Usiiache laini, itapasua mpira wa ndani kwenye ukingo wa shimo la kwanza.

Tikisa usukani mbele na nyuma. Ukicheza, kaza kufuli ya kukunjia kabla mtu hajapanda.

Halafu weka mambo matatu kwenye mipangilio: mwendo uwe wa chini kabisa; moto, yaani nguvu ya mota, usishike mpaka skuta isukumwe kwanza kwa mguu; na ile hali ya kuendelea na mwendo hata ukiachia kitufe cha mwendo uizime. Ni raha kwa mzoefu, lakini mwanafunzi akiachia kitufe na chombo kikazidi kwenda, hofu itakayomwingia haitatoka kwa wiki.

Hatua ya 2: Mavazi

Helmeti ikae vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ubane. Raba za kufunga kamba, si ndara. Glavu pia, kwani anayeanguka hutanguliza viganja.

Buibui na kanzu ni hatari ya kweli hapa kwetu: pindo hunaswa na gurudumu la nyuma au diski ya breki, na mtu huvutwa chini bila onyo. Bibi avae suruali ndani, buibui lipandishwe juu ya kifundo cha mguu na lifungwe pini. Babu na kanzu yake apumzike siku hiyo, avae suruali.

Hatua ya 3: Uwanja

Mita 30 kwa 10 za saruji au lami tambarare zatosha. Omba ruhusa ya uwanja wa shule siku isiyo na masomo. Fagia kwanza. Sehemu za karibu na pwani hupata mchanga mwembamba usioonekana mpaka tairi liteleze. Saa kumi na mbili unusu asubuhi ni wakati mzuri, jua halijawa kali na upepo haujashika. Kusi ikivuma, aliyesimama juu ya skuta ni kama tanga, na mtoto mwepesi husukumwa kando.

Hatua ya 4: Kusukuma, moto umezimwa

Mguu mmoja ubaoni, mwingine unasukuma, macho mbali. Ukimwona anatazama vidole vyake, mwambie, "Mama, tazama ule mnazi." Mzee asiyeweza kusimama kwa mguu mmoja sekunde kumi, akiwa karibu na ukuta, afanye zoezi hilo nyumbani kwanza. Anayetumia dawa za presha na hupata kizunguzungu amuulize daktari wake.

Usimshike usukani. Tembea ubavuni, mkono karibu na mgongo. Kama mwanafunzi ni bibi, wa kumkinga awe binti yake au mjukuu wa kike, atastarehe zaidi.

Hatua ya 5: Breki

Hapa ndipo pa kukaa siku nzima, hata mbili. Usiharakishwe na mtoto anayelilia moto.

Anza na neno. Usiseme "Simama!" Yeye tayari amesimama juu ya ubao, na akishtuka neno hilo halimwambii afanye nini. Sema "Breki!" na liwe hilo hilo kila mara.

Angalia mpini wa breki. Vidole vya mtoto vinaufikia bila kuachia usukani? Breki ishike kabla mpini haujafika nusu ya njia. Ikichelewa, punguza ulegevu wa waya kwa ile skrubu ya kurekebishia. Breki ya kukanyaga gurudumu la nyuma siipendi kwa wazee hata kidogo, maana inamtaka mtu ainue mguu wakati ule ule anaohitaji usawa.

Sasa mwili. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Akibana breki, magoti yakunjike na makalio yarudi nyuma. Anayebana miguu ikiwa imenyooka hutupwa mbele, kwa sababu uzito wote uko juu na gurudumu ni dogo.

Chora mstari wa chaki. Kwa mwendo wa kutembea, asimame ndani ya mita moja ya mstari, mara kumi mfululizo. Akikosa ya tisa, anaanza upya. Mzee afanye tano, apumzike, amalizie tano. Ashuke baada ya gurudumu kutulia kabisa, breki ingali imebanwa, na akanyage kando, si mbele. Watoto hupenda kuburuta kiatu ili kupunguza mwendo. Kataza, kifundo huvunjika hivyo.

Jambo linalopoteza saa nyingi ni hili. Skuta nyingi zina breki mbili kwenye mpini mmoja: diski, na breki ya umeme ndani ya mota. Moto ukiwa umezimwa, ya umeme haifanyi kazi. Kwa hiyo mwanafunzi aliyezoea kubana sana moto ukiwa umezimwa, siku ya kuwasha atabana vile vile na skuta itamkamata ghafla. Weka breki ya umeme kwenye kiwango dhaifu, kisha rudia zoezi lote la mstari moto ukiwa umewashwa. Jua pia kwamba betri ikijaa kabisa, breki hiyo hulegea kwenye baadhi ya skuta, basi asubuhi chombo kitokapo kwenye chaji kipimwe kwanza.

Mchangani hakubanwi breki. Punguza mwendo kabla, achia kitufe, usukani unyooke, pita. Mchanga ukizidi mita mbili, shuka usukume.

Hatua ya 6: Moto

Sukuma mara mbili, kisha bonyeza kitufe kidogo. Kidole gumba kikishtuka hubana badala ya kuachia, hivyo kila bonyezo lifuatwe na achio, sekunde mbili mbili, mpaka mkono uzoee. Kona ni kubwa tu, bila kubonyeza.

Hatua ya 7: Njia

Vichochoro vya mtaani kwanza, Barabara ya Lamu isiwe ya mwanafunzi. Kwa kilomita 15 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka inakula mita nne, na tuktuk husimama popote abiria aitapo. Kaa kushoto, usibebe mtu nyuma, urudi kabla ya magharibi.

Ukifika nyumbani futa chumvi kwa kitambaa kibichi, usimwagie maji ya mpira. Acha betri ipoe nusu saa kabla ya chaji, na usichaji usiku watu wakilala.